Makipa na Kapu la Sukari

Watu wakiniuliza nilianza biashara na nini, wanangoja niseme misumari, kwa sababu misumari ndiyo wanayoniona nayo leo dukani. Nawaambia nilianza na makipa. Wanacheka. Wacheke. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, mwalimu akanitoa kwa sababu ya karo, na kila ninachokijua nimekijua kwa mabega yangu. Haya ninayaandika mwenyewe kwa mkono wangu, na atakayeona nimekosea herufi aje dukani anirekebishe, mradi anunue kitu.

Kwanza nieleze kadi. Kabla Wahindi hawajafukuzwa, maduka ya Kampala yalikuwa yanauza chingamu kutoka nje, nyembamba kama ulimi, imefungwa pamoja na kadi moja. Juu ya kadi kuna picha ya mchezaji wa mpira, Mzungu, amefunga mikono kifuani au ameweka mguu juu ya mpira kama mtu aliyeua nyoka. Chingamu yenyewe ilikuwa tamu mpaka ufike kona tu, baada ya hapo unatafuna tairi. Kadi ndiyo ilikuwa kitu. Majina yao tulikuwa hatuyashughulikii, wengi wetu hata kuyasoma hatukuweza. Tuliwapa yetu. Kulikuwa na Masharubu, kulikuwa na Daktari, kulikuwa na mmoja mwembamba tuliyemwita Funga Ramadhani.

Usifikiri ni mambo ya watoto. Waliokuwa wanakusanya kadi ni watu wazima, madereva, wauza nyama, makarani, polisi. Na sababu ilikuwa kinyozi.

Kinyozi huyu alikuwa Mkongo, mtu wa Bukavu, aliyekimbia vita vya kwao akafungua kibanda cha mabati pale Nakivubo, upande wa uwanja wa mpira. Ndani, ukuta mmoja ulikuwa na picha ya mkubwa wa nchi, kama ilivyokuwa kila duka. Ukuta wa pili ulikuwa na kioo, na juu ya kioo fremu ya mbao. Sheria ya fremu aliiweka yeye mwenyewe. Ukipata wachezaji kumi wa jezi moja, na kipa wa kumi na moja, unamletea, anawapanga ndani ya fremu kama wanavyosimama uwanjani. Wanakaa pale mpaka mtu mwingine alete timu yake kamili. Na muda wote timu yako iko ukutani, wewe husubiri zamu. Unaingia, aliyekaa kwenye kiti anainuka na povu lake mashavuni, na kinyozi anakuita Kocha mbele ya watu wote.

Mtu ambaye hajawahi kuitwa kitu chochote isipokuwa "wewe, mchukuzi" hawezi kusahau siku aliyoitwa Kocha. Mimi niliitwa mara mbili.

Kitu kimoja ukishike, maana ndicho kilichonipandisha na kuniangusha. Wale kumi lazima wavae jezi moja, lakini wachezaji wa jezi moja walikuwa wengi, ukikosa Masharubu unaweka Daktari. Kipa hana jezi ya wenzake. Anavaa sweta lake. Kwa hiyo kipa yeyote aliingia timu yoyote, na timu yoyote bila kipa ilikuwa si timu. Kinyozi hakukubali umsimamishe Masharubu golini. Tulijaribu.

Halafu Wahindi wakaambiwa waondoke. Wakati huo nilikuwa mchukuzi mtaani Kikuubo, nabeba magunia kutoka kwenye lori kuingiza bohari. Niliwaona wakifunga milango, mmoja baada ya mwingine, wengine wamevaa makoti mawili juu ya mwili kwa sababu sanduku limejaa. Yule niliyekuwa nambebea alinipa ufagio wake. Nikamwambia safari njema, akasema haya.

Maduka yakapewa watu wapya, ambao mji mzima uliwaita mafuta mingi kwa jinsi walivyonenepa haraka. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu, na rafu zilipokwisha walituangalia sisi, kana kwamba wachukuzi tumeficha lori mahali. Sukari ikapotea. Ikafuata sabuni, ikafuata chumvi. Chingamu hakuna aliyeililia, ilipotea tu, na pamoja nayo kadi mpya.

Sisi wachukuzi wa Kikuubo tulikuwa na haki moja. Gunia likishushwa, kinachomwagika sakafuni ni chetu. Tunafagia, tunapepeta, tunagawana. Hiyo iliitwa sukari ya ufagio. Ilikuwa na vumbi, ilikuwa na nyuzi za gunia, na ilikuwa tamu kuliko mshahara. Katika miaka ile, mtu mwenye kikombe cha sukari ya ufagio alisalimiwa kwa heshima.

Na pale Kikuubo nilijifunza somo ambalo kila mtu wa Kampala alilijua wakati ule. Kitu kikianza kupotea, kiwahi, kifiche, ngoja. Kitarudi kimenona. Niliona mtu akificha katoni za viberiti chini ya kitanda cha mgonjwa, mwezi uliofuata akanunua baiskeli. Nikaona kadi nazo zinapanda. Kadi ya kawaida ikawa inabadilishwa kwa kipande cha sabuni. Kipa akawa anatafutwa kwa kikombe kizima cha sukari. Nikasema moyoni, hii ni biashara ileile.

Hapo ndipo lilipoingia kapu.

Nilikuwa nimempenda binti wa Kiganda aliyekuwa akiuza nyanya sokoni Nakivubo, na yeye alikuwa amenipenda mimi, ingawa alinificha jambo hilo kwa muda mrefu kwa kunitukana. Kwao kulikuwa kwenye mteremko wa Kibuli, nyumba chache kutoka chumba nilichopanga. Mimi ni mtu wa upande wa pili wa mpaka, karibu na Busia, sina ng'ombe, sina baba aliye hai, na mjomba aliyenileta Kampala alikuwa amerudi nyumbani zamani. Ili nimwoe ilibidi pafanyike kwanjula, yaani ile siku mwanamume anapokwenda na watu wake na zawadi zake kujulishwa kwa wazazi wa binti. Na njia ya kwenda kwa wazazi inapita kwa shangazi. Ukimkosa shangazi, umekosa nyumba.

Shangazi yake alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alinikalisha kwenye mkeka, akaniangalia mikono, kisha miguu.

"Ssebo, unafanya kazi gani?"

"Nabeba magunia, nyabo."

"Ya kwako?"

"Ya watu."

"Mm. Na siku moja utabeba ya kwako?"

"Siku moja."

Akaingia ndani akatoka na kapu la ukindu, lile la mikono miwili, tumbo pana. Akaliweka mbele yangu.

"Nyama tutaelewana. Kanzu ya kaka yangu tutaelewana. Sabuni ukipata, ukikosa, tutaoga na majani. Lakini mtoto wetu hatoki hapa watu wakinywa chai ya maji matupu. Hili lijae sukari. Kabla ya Krismasi. Na usinijaze majani chini, nitatia mkono."

Nikasema sawa. Aliponisindikiza mlangoni akaongeza polepole, kama mtu anayetaja habari za mvua, "Kuna mtu mwenye duka huko Kikuubo naye anauliza habari za huyu mtoto. Huyo sukari hana shida nayo."

Nililichukua kapu kichwani mpaka chumbani kwangu. Lilikuwa jepesi, na lilikuwa zito.

Sasa, mtu mwenye akili ndogo angechukua sukari ya ufagio kila wiki akaimwaga ndani ya kapu. Mimi nilikuwa na akili kubwa. Lori zilikuwa zinapungua, ufagio ulikuwa unapungua, na nilipiga hesabu nikaona kwa mwendo ule Krismasi itanikuta chini ya nusu. Lakini kipa anayepatikana leo kwa kikombe, wakati chingamu haiji tena, mwisho wa mwaka si atakuwa vikombe vitatu? Kwa hiyo sukari isiingie kapuni. Sukari inunue makipa, makipa wakae, na wakati ukifika wainunue sukari tena, nyingi zaidi.

Mchumba wangu alinikuta nawapanga makipa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, kila mmoja nimemfunga kwa nailoni ya mkate ili mende wasimguse.

"Hiki nini?"

"Kapu lako."

Akachungulia mkebe, akachungulia kapu. "Mimi naona kapu halina kitu."

"Limo humu. Limekunjwa."

"Mkenya, umetoa sukari ukapewa karatasi ya Mzungu amevaa sweta?"

"Bei inapanda."

"Nyanya ikipanda bei, mwisho wa yote mtu anaila. Huyu utamla?" Akamwinua mmoja, mwenye nywele za kufunika masikio. "Na huyu hata nyama hana."

Nilimwambia biashara si mambo ya wauza nyanya. Alikwenda zake, na ile wiki aliniuzia nyanya zilizopasuka.

Nilikusanya makipa miezi mingi. Nilikwenda Katwe, nilikwenda Naguru kwenye nyumba za polisi, nilimfuata dereva mmoja wa lori mpaka Jinja kwa sababu ya kipa aliyekunjika pembe. Waliokunjika niliwanyoosha kwa pasi ya makaa, juu ya kitambaa chenye unyevu. Kila kipa niliyemsikia, nilimpata. Sikuchukua Masharubu, sikuchukua Daktari, makipa tu. Nilikuwa nikipita mbele ya kibanda cha kinyozi najiona kama mtu mwenye ufunguo wa bohari ya mji mzima. Mnakusanya, mnakusanya, lakini mtakuja kwangu.

Hawakuja.

Mwanzoni sikuelewa ninachokiona. Timu ya karani mmoja wa mahakama ilikaa kwenye fremu wiki moja, ya pili, ikaendelea kukaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kipa wa kuiondoa isipokuwa mimi, na mimi timu yangu sikuipeleka, wasije wakaanza kuuliza habari za mkebe. Watu wakachoka kumwinukia karani. Halafu karani mwenyewe akapata uhamisho kwenda Masaka, akachukua wachezaji wake, fremu ikabaki tupu. Ile vurugu ya Jumapili nje ya kibanda, watu wamechuchumaa na kadi mkononi, huyu anataka, huyu anakataa, ikapungua. Badala yake walileta ubao wa dama na vifuniko vya soda. Niliona mtu anawasha jiko kwa wachezaji wawili wa kati. Muuza karanga mmoja alikuwa anafunga karanga zake kwenye karatasi ya daftari na kuichoma kwa kadi iliyokunjwa kama pini ili isifunguke. Nikamwambia, unajua unachoma nini? Akasema, karanga.

Ilipofika mwezi ambao mvua za mwisho wa mwaka zinaanza, nikachukua mkebe wangu nikaenda kuuza. Nilijipaka mafuta, nilivaa shati. Nikakaa kwenye benchi la kinyozi nikasema, kwa sauti ya mtu ambaye hana haraka, kwamba huenda ninaye kipa mmoja wa kuachia.

Hakuna aliyeinua kichwa kwenye dama.

"Kipa," nikarudia.

Muuza nyama, mtu mnene mwenye mdomo mrefu, akasogeza kifuniko chake. "Wa kufanya nini? Mimi wangu nimewatia moto zamani."

"Kwa kikombe kimoja cha sukari."

"Kikombe cha sukari?" Akacheka mpaka ubao ukatikisika. "Ningekuwa na kikombe cha sukari ningekunywa chai, nikalala, nikaota nacheza golini mwenyewe."

Kinyozi alikuwa ananoa wembe kwenye mkanda. Hakucheka. Alisubiri watu wapungue, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo:

"Ndugu, sukari ukiificha, batu banaendelea kutaka chai. Hiyo ni njaa. Lakini kadi si njaa. Kadi ni muchezo. Weye umekamata makipa bote, sasa batu bakaona hakuna muchezo, bakaenda nyumbani. Utauzia nani? Utamuuzia huyu?" Akaonyesha picha ya mkubwa wa nchi kwa ncha ya wembe, kisha akaushusha haraka, akaangalia mlangoni.

Nilirudi Kibuli na mkebe uleule. Nilipita njia ya juu ili nisipite nyumbani kwa akina mchumba wangu. Lile kapu nililikuta limekaa kwenye kona, mdomo wazi. Nililigeuza likaangalia ukuta. Kwa siku kadhaa nilifagia bohari kama mtu anayetafuta pete, na nilichopata hakikufunika hata sakafu ya kapu.

Sasa niseme kilichotokea, na nitakisema kama kilivyokuwa, bila kujipa sifa ambayo si yangu. Nilikuwa nimekwenda kwa kinyozi alasiri moja, mkebe uko kwenye mfuko, sijui kwa nini niliuchukua. Kwenye kiti alikuwa amekaa sajini mmoja wa jeshi, mteja wake wa kila mara. Hakuwa mtu wa fujo, lakini akiingia yeye watu walikaa wima na mazungumzo yakawa juu ya hali ya hewa. Ameshapakwa povu, upande mmoja umenyolewa, akaangalia juu ya kioo.

"Wapi timu? Hii fremu iko bure kwa nini?"

"Makipa hakuna, afande," kinyozi akasema.

Na muuza nyama, mdomo wake ukamtangulia: "Wako, afande! Huyu Mkenya ndiye ameficha wote."

Alitania. Lakini neno lilipotoka, kila mtu alilisikia lilivyo. Kuficha, siku zile, halikuwa neno la kutania. Watu walichukuliwa kwa kuficha sukari, kwa kuficha sabuni, na wengine hatukuwaona tena. Wembe wa kinyozi ukasimama hewani. Muuza nyama mwenyewe akageuka rangi ya maini.

"Ameficha nini?"

Sajini akanigeukia na povu lake nusu uso. "Wewe. Ficha nini?"

Nikafungua mkebe. Akasema mwaga, nikawamwaga juu ya benchi, makipa na nailoni zao, wa sweta la njano, wa sweta jeusi, wanaoruka, waliosimama, waliopiga magoti. Akainuka na shuka la kinyozi shingoni, akawasambaza kwa kidole kimoja. Nilisikia nje mtu anauza mahindi.

"Hii yote yako?"

"Ndiyo, afande."

"Na hawa watu hapana?"

"Hawana, afande."

Akageukia watu. "Mstari!"

Wakapanga mstari. Watu wa Kampala tulikuwa tumeshazoea, ukisikia neno hilo miguu inakwenda yenyewe, unauliza baadaye ni mstari wa nini. Walioko nje wakaona mstari, nao wakaungana nao wakidhani sukari imekuja.

"Kila mtu kipa moja. Hakuna rudi mara ya pili, mimi naona."

Na mimi nikagawa. Nilisimama pale na kumpa kila mmoja kipa wake, kama mafuta mingi anayegawa chumvi kwa amri, na kila mmoja alisema asante bila kuniangalia. Mama mmoja aliyeingia kwa ajili ya sukari aliangalia alichopewa, akauliza, "Hiki kinapikwaje?" Sajini hakucheka. Mstari ulipokwisha, akasimama mwisho wake yeye mwenyewe, akanyoosha mkono. Nikampa wa sweta jeusi, ndiye alikuwa mzuri. Akamtia kwenye kofia yake, akarudi kitini.

"Nyoa," akamwambia kinyozi.

Nusu ya mkebe ilikuwa imekwenda. Nilipanda Kibuli, safari hii kwa njia ya chini, maana aibu ikishajaa haiongezeki. Mchumba wangu alinikuta kwenye ngazi nikamweleza yote. Alicheka akakaa juu ya beseni la nyanya, akainuka, akacheka tena. Kisha akachungulia mlangoni, kwenye kona ya chumba.

"Na kapu?" akasema. Hapo hakuwa anacheka.

Jumapili nilishuka Nakivubo kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Nikasikia kelele kabla sijafika. Fremu ilikuwa na timu, ya muuza nyama, wale aliosema amewatia moto, na yeye alikuwa amekaa kitini anaitwa Kocha, povu mpaka machoni. Nje watu walikuwa wamechuchumaa kama zamani. Waliopewa kipa walikuwa wanatafuta kumi wao. Waliokuwa na kumi na hawakuwahi mstari walikuwa wanatafuta kipa. Yule muuza karanga alikuwa anafungua karanga zake na kunyoosha kadi kwa goti. Dereva mmoja wa teksi akanivuta kando kwa shati.

"Mkenya. Umebakiwa na kipa?"

Nikamwangalia. "Wamebaki wachache."

"Nina sukari. Kikombe. Ya kwangu, si ya mtu."

Hapo nikaelewa kile alichoniambia kinyozi. Niliyoyafikiria mimi kwa miezi yaliua soko. Aliyelifufua ni askari mwenye povu, ambaye hata hakujua kwamba anafanya biashara. Sina haya kulisema. Lakini kuanzia pale nilitumia kichwa changu. Sikuficha tena. Nilikuwa nafungua mkebe juu ya benchi, kila mtu anaona waliomo, natoa mmoja leo, mmoja kesho. Kijana wa ofisini aliyekata tamaa nilimpa wa bure, ili wengine nao wasikate tamaa. Bei haikurudi kule juu ilikokuwa. Wengine walileta nusu kikombe, wengine walileta kikombe chenye sisimizi. Nilipokea.

Na ile sukari haikufanana. Kulikuwa na nyeupe ya foleni ya serikali, na ya kahawia ya kiwandani Lugazi, na ya Kenya yenye punje kubwa iliyopita mpakani ndani ya mto wa kulalia. Nyingine ilikuwa imeloa. Mchumba wangu aliianika kwenye ungo juu ya mabati, anafukuza nyuki kwa kanga, anaokota sisimizi mmoja mmoja na kuwaambia maneno mabaya. Kapu tukaligeuza likaangalia chumba tena. Likaanza kupanda.

Wiki ya mwisho lilikuwa limebakiza kama kiganja. Mkebe ulikuwa na kipa mmoja. Huyu alikuwa wa sweta la kijani, kadi ya kwanza niliyowahi kuipata maishani, aliyoninunulia mjomba wangu siku niliyoshuka kwenye treni. Yeye ndiye aliyesimama golini mara zote mbili nilipoitwa Kocha. Nilikuwa nimesema huyo hauzwi.

Nilikwenda kwa kinyozi kumwomba awe msemaji wangu siku ya kwanjula, kwa maana bwana harusi haongei, anaongelewa. Akakubali. Kisha akaangalia mkebe.

"Huyo wa mwisho?"

"Huyo si wa kuuza."

Akapangusa kiti ambacho kilikuwa safi. "Ndugu, siku ile ya mustari, miye sikupanga. Nilikuwa na wembe mukononi, shingo ya sajini iko wazi. Ningeachaje? Kila mutu alipata kipa, hata yule mama wa sukari. Miye hapana." Akafungua droo ya kioo, akanionyesha wachezaji kumi wa jezi nyekundu, wamepangwa tayari. Miaka yote ile alikuwa akisimamisha timu za watu. Yake haijawahi kusimama.

Chini ya droo alikuwa na sukari yake ya chai, ndani ya chupa. Aliimimina yote kwenye kapu langu kesho yake, mwenyewe, akaigonga pembeni ili ishuke vizuri. Kapu likajaa mpaka mdomoni.

Siku ya kwanjula tulipanda Kibuli na mashati meupe, mama mmoja jirani amebeba kapu kichwani, kinyozi mbele na koti la kuazima. Tukakalishwa. Msemaji wao akasema kwa Kiganda, wetu akajibu kwa Kiswahili cha Bukavu, na walielewana kwa sababu kila mmoja alikuwa anajisifu. Halafu shangazi akaja kwenye kapu. Kama alivyoahidi, alitia mkono. Ulizama mpaka kwenye kiwiko. Akautoa umejaa, akaufungua kwenye mwanga.

"Hii sukari," akasema, na sauti yake ilifika ng'ambo ya bonde, "ni ya makabila mangapi?"

Baba mkwe akasogeza kiti mbele. Mimi niliangalia mkeka.

"Nyabo," kinyozi akasema, "hii sukari imetoka kwa batu. Kila mumoja kikombe yake. Huyu kijana mumwulize mutu yeyote Nakivubo, anamujua."

Shangazi akaonja punje nyeupe, akaonja ya kahawia. Akatoa sisimizi mmoja mdomoni, akamwangalia, akamweka chini kwa heshima. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Yule wa duka angeleta gunia jeupe, limeshonwa, lina muhuri. Na kesho gari lingekuja hapa kuuliza muhuri ni wa nani. Hii, hata wakija, wakaulize mji mzima." Akapiga makofi mara moja. "Wekeni maji."

Tulikunywa chai. Watu wengi pale walikuwa hawajanywa chai ya sukari kwa muda mrefu. Mzee mmoja alilamba kijiko akakitia mfukoni, wakamwomba akirudishe.

Jioni ile, timu ya jezi nyekundu ilisimama kwenye fremu ya kinyozi, kipa wa sweta la kijani golini, na hakukuwa na mtu wa kumwita Kocha isipokuwa sisi tuliotoka kwenye sherehe. Tulimwita mpaka akatuomba tunyamaze, askari wasije.

Wale kumi wangu wa zamani, walionifanya Kocha, bado ninao, jezi za buluu zimegeuka kijivu. Niliwatia kwenye fremu yangu mwenyewe, iko sebuleni juu ya redio. Wageni wanaojua mpira huwa wanaangalia, wanahesabu, wanauliza golini yuko nani. Mimi sijibu. Mke wangu hujibu kutoka jikoni, bila hata kutoka kuangalia wanachouliza.

"Kipa alikwenda kununua sukari."